Waliokuwa nje ya Tiger

Ndani ya kifaru cha Tiger walikaa watu 5: kamanda, mpigaji mzinga, mpakiaji makombora, dereva na mwendesha redio, ambaye ndiye pia aliyeshika bunduki ya rashasha ya mbele. Batalioni ya vifaru vizito ya Kijerumani, kwa muundo wa mwaka 1943, ilipangiwa vifaru 45, yaani kombania 3 zenye vifaru 14 kila moja, na vingine 3 vya makao makuu. Ukipiga hesabu utapata watu 225 vitani ndani ya chuma, ilhali batalioni nzima ilikuwa na mamia ya wengine ambao hawakuingia humo kabisa. Nimesoma habari za vikosi hivi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba habari yao yenyewe imo kwa hao wa nje.

Kila kombania ilikuwa na mafundi wake wa matengenezo madogo, na kazi iliyowashinda ilipelekwa kwenye kombania ya karakana, ambayo ilikuwa na kreni kubwa ya kusimamishwa juu ya kifaru pamoja na kikundi cha uokoaji. Kikundi hicho kilitegemea magari ya kukokota ya tani 18, yenye magurudumu mbele na minyororo nyuma. Tiger moja ilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, kwa hiyo magari hayo yalifungwa mawili au matatu kwa mfuatano, na kwenye matope yakahitajika zaidi. Maelekezo yalikataza Tiger kuvuta Tiger mwenzake kwa kuwa injini na giaboksi vingeharibika, lakini adui alipokaribia askari walivuta hivyo hivyo.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Magurudumu ya Tiger yalipandana kama vigae vya paa, na gurudumu la ndani likiharibika, fundi alilazimika kwanza kufungua ya nje yanayolifunika. Huko Urusi matope yaliyoingia katikati yake yaliganda usiku, na asubuhi kifaru kikagoma kusogea. Giaboksi ikifa, ilibidi mnara wa mzinga, wenye tani 11 hivi, unyanyuliwe kwanza ndipo giaboksi itolewe kwa juu. Hata kupanda treni kulikuwa kazi: minyororo ya vita yenye upana wa milimita 725 ilivuliwa, ikavalishwa ya milimita 520, na magurudumu ya pembeni kabisa yakaondolewa, kisha yote yakarudishwa mwisho wa safari.

Mwaka 1944 ugavi wa petroli, makombora na chakula uliondolewa kwenye kombania za mapigano na kukusanywa katika kombania moja ya ugavi. Naona ulikuwa uamuzi wa busara, maana makamanda wa vifaru walibaki na vita tu, na malori yakapangwa na mtu mmoja anayejua yote yalipo.

Hata hivyo jeshi hilo la Hitler lilikuwa limeanza kurudi nyuma, na hapo ndipo mafundi waliposhindwa kwa sababu isiyohusiana na ustadi wao. Kifaru kilichokwama hakiwezi kutengenezwa ikiwa uwanja umeshachukuliwa na adui, na Tiger nyingi zililipuliwa na wafanyakazi wake wenyewe kwa kukosa petroli au gari la kuzivuta.