Misumari Mitano

Mwaka 1998 mvua ziligoma kukatika huku kwetu Ndanda. El Nino, redio ilisema. Machi ya mwaka huo mdogo wangu alifariki, malaria ilimpanda kichwani, akiwa na miaka sita tu. Baba alikuwa seremala, kwa hiyo jeneza alilichonga mwenyewe chini ya mwembe, nyuma ya nyumba. Mimi nilishika kopo la misumari. Alikuwa akininyooshea mkono bila kunitazama, nami namwekea msumari mmoja wa inchi tatu kiganjani. Mama alikuwa ndani na wanawake wa jirani, Wakristo kwa Waislamu, na kila nyundo ilipogonga tulimsikia.

Tangu siku ile hakutaka kusikia nyundo. Baba akahamishia kazi zake kwa rafiki yake. Mlango wa jikoni ukalegea bawaba, ukaachwa uning'inie hivyo hivyo.

Ijumaa Kuu Mama alikuja kanisani, lakini hakujipanga kwenda kuubusu msalaba. Alibaki kwenye benchi, kanga ameivutia mdomoni. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba kwa Warumi msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi, kifo cha aibu mbele za watu. Naamini Mama hakuwaza Warumi. Alimwaza Maria, aliyesimama pale pale chini ya mtoto wake.

Jumamosi usiku tuliuzunguka moto nje ya kanisa, taa zote zimezimwa. Padri akachora msalaba kwenye mshumaa wa Pasaka, juu Alfa, chini Omega, na pembeni tarakimu za mwaka: 1, 9, 9, 8. Kisha akatoa chembe tano za ubani zilizofunikwa nta nyekundu, zimechongoka kama misumari, akazichomeka moja moja kwenye ule msalaba. Madonda matano ya Bwana. Mama alikuwa amenishika mkono. Kila chembe ilipozama kwenye nta, vidole vyake vilinibana.

Ndipo mshumaa ukawashwa, ukatangulia kuingia gizani. "Mwanga wa Kristo!" Tukaitika, "Tumshukuru Mungu!" Mama hakuitika.

Hadi usiku ule nilidhani Pasaka huifuta Ijumaa, kama mwalimu anavyofuta ubao. Sikufundishwa hivyo na mtu. Nguo mpya na vigelegele ndivyo vilivyonijengea wazo hilo. Sasa niliuona mwanga wenyewe unapita katikati yetu, na misumari yake imo.

Baada ya misa Mama alimsubiri katekista mlangoni.

"Mwalimu, kama amefufuka, mbona misumari imebaki?"

Mzee yule hakuharakisha kujibu. "Hata Tomaso, mama, alionyeshwa mikono ile ile. Bwana alitoka kaburini na alama zake."

"Hakuziacha kule?"

"Hakuziacha."

Tulirudi nyumbani tukikwepa madimbwi, hakuna aliyesema neno. Arobaini ya mdogo wangu ilikuwa bado. Jumapili Mama alipika wali, akala kidogo, akalala mapema.

Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, alisimama jikoni akiutazama ule mlango.

"Huu utakuja kumwangukia mtu," alimwambia Baba. "Lete nyundo."

Baba alinigeukia. Nikaenda kulichukua kopo.