Tangi la furu: maji ya kijani yamekubali kuondoka

Leo kifuniko cheupe cha ndoo kinaonekana kutoka upande mmoja wa tangi hadi mwingine, sentimita 90 zote, bila kukodoa macho. Hicho kifuniko ndicho kipimo changu cha uangavu. Hali ilipokuwa mbaya kabisa kilikuwa kinapotea nikikisogeza sentimita 20 tu kutoka kwenye kioo. Kwa hiyo naandika hii nikiwa na furaha, na kwa wale mnaohangaika na tatizo hilihili, someni hadi kwenye taa.

Vifaa kwa ufupi. Tangi ni 90 kwa 40 kwa 40, ukitoa mchanga na mawe yanabaki maji lita 120 hivi. Mawe ni granaiti ya hapa Mwanza, ambayo hata usiponunua unajikwaa nayo barabarani, na haibadilishi maji. Filta ni ndoo ya lita 10: sponji ya godoro chini, vifuniko vya plastiki vya chupa za soda katikati kwa ajili ya bakteria wanaokula amonia, pamba ya mito juu. Pembeni kuna sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, nayo imeunganishwa kwenye betri ya sola kwa sababu ya umeme wetu. Samaki ni furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, dume mmoja na majike wake, niliowatoa kwenye ndoo ya chambo ya mvuvi pale mwaloni Kirumba. Siku hiyo walikuwa wanaelekea kwenye ndoano za sangara.

Wakati wa kijani vipimo vilikuwa hivi. Amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, sifuri. Naitraiti, sumu inayotokana na hiyo amonia, sifuri. Samaki wanakula. Na bado maji yalikuwa na rangi ya mchuzi wa matembele.

Hapa ndipo wengi tunapopotezeana muda. Mtu akisema maji yake ni ya kijani, jibu la kwanza analopewa ni "ongeza filta". Filta ya nini? Kijani hiki ni mwani unaoelea, chembe mojamoja, nyingi zina ukubwa wa mikroni 2 hadi 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zinapita kwenye sponji ya godoro bila hata kupiga hodi. Pamba ya mito inakamata uchafu unaouona kwa macho, lakini chembe hizi zinapenya na kurudi tangini zikiwa hai na nzima. Unaweza kuwa na filta ya kuchujia bwawa zima na bado ukae na kijani. Kazi ya filta kwenye vita hii inakuja baadaye, chembe zikishakufa na kugandamana. Kwanza uue, ndipo ukamate. Kinyume chake ni kuzungusha supu.

Jibu la pili ni "badilisha maji". Nilibadilisha nusu ya tangi, maji yakawa mepesi jioni ile, na baada ya muda mfupi kijani kikarudi kizito kuliko mwanzo. Nikapima fosfeti, yaani fosforasi ambayo mwani unaila, kwenye maji ya bomba yenyewe: tone likageuka bluu, yaani imo. Hakuna la kushangaza hapo. Maji yetu yanatoka ziwani, na Ziwa Viktoria halina uhaba wa fosforasi. Huko mara nyingi kinachouwekea mwani mpaka ni naitrojeni na mwanga. Sasa kwenye tangi langu naitrojeni inaletwa na furu kila wanapokula, mwanga naulipia mwenyewe kwa mita ya umeme, na fosfeti inaingia kwa ndoo. Kila ukibadilisha maji unapeleka chakula.

Kuna jambo jingine lililonikosesha usingizi kuliko rangi. Pima pH (kipimo cha asidi, 7 ni katikati, chini yake ni asidi) ya tangi la kijani alfajiri, halafu upime tena saa 9 alasiri. Kwangu ilikuwa 7.4 asubuhi na 8.8 alasiri, siku ileile, tangi lilelile. Mchana mwani unanyonya kaboni dioksidi na pH inapanda, na maji ya ziwa letu ni laini, hayana chumvi za kutosha kuizuia. Usiku mambo yanageuka: mwani nao unavuta oksijeni, na alfajiri unawakuta samaki midomo juu. Halafu piga hesabu ya amonia. Kwenye pH 7.4 na joto letu la nyuzi 25 hivi, sehemu yenye sumu ni kama asilimia moja na nusu ya amonia yote iliyomo. Kwenye 8.8 ni karibu robo. Maana yake, ukiua mwani wote kwa mkupuo mchana, ukaoza, ukatoa amonia kwenye pH ya namna hiyo, utakuwa umesafisha maji na kuzika samaki.

Kwa hiyo sikutaka kumwaga dawa yoyote tangini kabla ya kujaribu kwenye ndoo.

Ndoo ya kwanza, shabu. Bibi zetu wametuliza maji kwa shabu tangu zamani na wanajua wanachofanya: alumini iliyomo inazikusanya chembe zinakuwa mabonge na kuzama, na fosfeti nayo inashikwa humohumo. Nilikoroga haraka, kisha polepole, nikaacha. Maji yakawa meupe ajabu, kijani chote kimelala chini kama vumbi. Nikapima pH: imeshuka chini ya 6.5. Kwenye maji magumu labda ungesamehewa. Kwenye maji laini kama yetu pH inaanguka, na pH ikianguka alumini yenyewe inakuwa sumu kwa matamvua ya samaki. Shabu imebaki ya ndoo. Nikitaka kubadilisha maji sasa, natuliza ya bomba kwa chembe kidogo ya shabu, nayaacha yakae, natumia ya juu tu baada ya kuhakikisha pH.

Ndoo ya pili, mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa. Hii niliipenda kwa sababu haigusi pH. Protini ya mbegu ina chaji chanya, chembe za mwani zina chaji hasi, zinavutana na kuzama. Inafanya kazi, ila taratibu, na kesho yake ndoo ilianza kunuka. Unga wa mlonge unaacha mabaki yanayooza. Kwa maji ya kunywa siku hiyohiyo ni sawa, kwa tangi lenye samaki unajitafutia amonia nyingine.

Basi ikabaki taa ya UV, yaani ya mionzi ya urujuanimno.

Tahadhari kwa wanaokwenda dukani: zile taa ndogo za LED zenye mwanga wa zambarau zinazoandikwa UV hazihusiki. Mwanga unaoua ni UV-C, taa za zebaki hutoa nanomita 254, na mwanga huo haupiti kwenye kioo cha kawaida. Unahitaji mrija wa kwatzi. Usiitazame ikiwaka, hata kwa udadisi wa sekunde, macho hayana spea. Mimi nilipata ya wati 9 kwenye duka la vifaa vya kusafishia maji ya kunywa, na bomba lake la chuma. Fundi aliponiuliza nyumba ina watu wangapi nikamwambia ni ya samaki. "Kaka, samaki gani hao wanaokunywa maji ya chupa?" Akanipunguzia bei hata hivyo.

Nikaifunga. Pampu inasukuma lita 600 kwa saa, taa inawaka, nikasubiri. Kijani hakikubadilika. Nikaiacha iendelee kuwaka mchana na usiku. Kijani kilekile, sanasana ungedhani kinanicheka. Taa ni nzima, nilithibitisha kwa mwanga wa bluu unaochungulia kwenye kona ya plastiki. Mrija wa kwatzi nikautoa, una utando mwembamba, nikausugua kwa siki. Bado.

Nikachukua jagi la lita moja na saa ya simu. Jagi lilijaa kwa sekunde 6. Bomba la taa lina ujazo wa nusu lita tu, yaani kila tone la maji lilikuwa linapita mbele ya taa kwa sekunde 3. Na maji yakiwa ya kijani kizito, mwanga wenyewe haufiki mbali: chembe zilizo karibu na mrija zinawakinga wenzao walio nyuma. Zile zilizopigwa kidogo hazifi, zinajeruhiwa. Na huu ndio uchokozi ulioniuma: chembe hai zina kimeng'enya kinachorekebisha madhara ya UV, na nguvu yake kinaipata kwenye mwanga wa bluu. Mwanga wa bluu ni nini? Ni taa yangu ya tangini. Nilikuwa nawapiga chini na kuwatibia juu, kwa bili yangu mwenyewe.

Nikaweka valvu kwenye mpira na kubana hadi jagi lijae kwa sekunde 90. Hiyo ni lita 40 kwa saa, na kila tone linakaa mbele ya taa sekunde 45. Tangi la lita 120 linapita lote kwa saa tatu, angalau kwa makaratasi, kwa sababu maji yaliyokwishapita yanachanganyika na ambayo bado. Ukihesabu huo mchanganyiko, mzunguko mmoja unaacha asilimia 37, na mizunguko minne ya usiku mmoja inaacha chini ya asilimia 2, ikiwa kila chembe inayopita inakufa. Haifi kila moja, lakini hesabu inaonyesha nguvu iko wapi. Mwani unajigawa mara moja hivi kwa siku ukiwa na mwanga mzuri. Huo utaushinda.

Mambo yakawa hivi: nilibadilisha theluthi ya maji (yaliyotulizwa) ili kupunguza uzito wa kijani, nikazima taa ya juu, nikalifunika tangi kwa khanga mbili nene, nikaongeza hewa, nikapunguza chakula hadi karibu na sifuri, nikaiacha UV ipige gizani. Pamba ya mito nikawa naibadilisha kila asubuhi. Ya kwanza ilitoka na utelezi wa kijani kibichi, ambao haikuwahi kutoka nao. Zilizofuata zilikuwa kahawia. Nilipofunua khanga maji yalikuwa na ukungu mweupe kidogo, ukungu wa vifo, na siku chache mbele ukungu nao ukaisha. Amonia ilipanda kidogo tu na vifuniko vya soda vikaimaliza. Bakteria wa filta hawakuguswa kwa sababu wao wamejishika kwenye vifuniko na sponji, hawapiti mbele ya taa.

Wakati huohuo nilikuwa na mpango wa kutengeneza bomba la matundu la kusambaza maji kwa juu. PVC nimekwisha kata, ipo chini ya meza. Sijui kama nitaimalizia, kwa sababu jirani alinipa mashina ya matembele nikapande, na nikiwa nayo mkononi nikayachomeka kwenye kisanduku ambamo maji ya filta yanarudia tangini. Mizizi ilitoka haraka mno. Sasa yameshika dirisha. Matembele yanakula naitreti (kinachobaki bakteria wakishamaliza amonia) na fosfeti zilezile ambazo mwani ungekula, tena majani yako hewani, hayahangaiki na kaboni dioksidi. Naitreti imeshuka tangu mizizi ijae kisanduku. Majike wanachungulia mizizi kutafuta vitu vya kudonoa. Jirani ameuliza lini tutachuma. Nimemwambia yale ni watumishi, si mboga.

Kuhusu vipimo: vijiti vya kuchovya nimevitupa. Rangi zake zinategemea unavyotaka kuona. Matone ni ghali zaidi na yanachosha, lakini yanasema jambo lilelile ukipima mara mbili. Kipimo cha pH cha kidijitali kinahama polepole, usipokirekebisha kwa maji yake maalumu kitakudanganya kwa kujiamini.

Na dume. Nilikuwa nimeshamwona mpauko, nikaanza kuwaza ugonjwa. Maji yalipofunguka akatokea na mgongo mwekundu, ubavu wa njano, mistari myeusi imesimama wima, anamfukuza kila mtu. Sasa sina shaka kuwa ni Pundamilia nyererei, aina iliyopewa jina mwaka 1985, jina la Mwalimu. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba ziwa likichafuka kwa rutuba na mwani, mwanga unaopenya unakuwa finyu, majike wanashindwa kutofautisha dume mwekundu na dume wa bluu wa aina ya jirani, rangi zinafifia na aina zinachanganyikana. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani kama habari ya ziwani. Mwezi uliopita lilikuwa sebuleni kwangu.

Hali ya sasa: UV inawaka usiku tu, taa ya juu nimeipunguza muda, khanga zimerudi kwa mwenyewe. Tatizo jipya ni kwamba mwanga sasa unafika kwenye mawe, na granaiti imeanza kuota nywele za kijani. Nyererei anawinda vidudu majini, hana habari na mwani wa kwenye mawe. Wenye kazi hiyo ni furu wa jenasi ya Neochromis, ambao meno yao yameumbwa kukwangua mawe. Nimeshamwagiza mvuvi aniwekee kadogo kamoja akikaona kwenye chambo, ila kwa ukali wa huyu dume sijui kama sentimita 90 zitawatosha wote wawili. Hadi hapo natumia mswaki.