Siku moja na migomba, Muleba

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yetu ni kutoa nyuzi kwenye mashina ya migomba na kufuma vitambaa. Kabla ya kuingia kwenye kibanja cha mtu, yaani shamba lake la migomba, panga naliosha kwa jik. Tangu mnyauko, ugonjwa wa migomba, uingie Kagera, panga lililotoka kwa jirani halipiti hivihivi. Mgomba ulionyauka tunauacha palepale, hata uwe mnene vipi.

Mkungu ukishakatwa, mgomba huo hauzai tena. Huko mjini wanauita taka. Mwenye kibanja hauiti hivyo: "Waitu, mkibeba yote, watoto watakula nini?" Anawasemea machipukizi, na ana haki. Shina likioza ndilo mbolea, ndilo linalotunza unyevu. Tulikubaliana hivi: nyuzi zetu, makapi yake.

Saa 2. Kubeba. Zaidi ya asilimia 90 ya shina ni maji, na mgongo unajua. Tukifika tunabandua maganda moja moja. Ya nje hutoa nyuzi nene, za vikapu na mazulia. Ya ndani zaidi ndiyo ya kitambaa. Moyo wenyewe haufai kwa uzi, wanapewa ng'ombe.

Saa 3 hadi saa 6, mashine. Ni korona ndogo, mashine ya kukwangua nyuzi, ndugu yake ile ya mkonge wa Tanga. Unaingiza ganda nusu, unalivuta, unaligeuza upande wa pili. Nyama inatoka, zinabaki nyuzi zinazong'aa. Utomvu unaruka kila mahali na doa lake halitoki. Nguo zangu zote za kazi zina rangi ya chai. Nyuzi nazo zikichelewa kuoshwa hugeuka kahawia, kwa hiyo hakuna kupumzika mpaka zianikwe.

Mchana: ndizi na maharage. Ungetegemea nini?

Saa 8. Kufuma. Mtande, nyuzi za urefu zinazovutwa, ni pamba; mshindio, nyuzi zinazopitishwa kwa upana, ndio mgomba. Uzi wa mgomba una nguvu lakini hauna mnyumbuko, ukiubana kwenye mtande unakatika. Okinawa, Japani, wanafuma mgomba mtupu, ila uzi wanauunga kwa mkono ncha kwa ncha, na bei yake si ya soko letu. Sisi tunamwambia mteja wazi kwamba kuna pamba ndani.

Saa 11 jioni. Makapi yanarudi kibanjani kwa toroli. Njiani simu inaita: mteja wa Mwanza anataka mapazia na mashuka. Mapazia nimekubali. Mashuka nimemwambia anunue ya pamba, haya yetu yatamkwaruza.