Jinsi nilivyonyoosha chapa ya skrini iliyofanya mawimbi ndani ya fremu

Chapa ya skrini, yaani picha iliyochapwa kwa kupitisha wino kwenye wavu, ninayoipenda kuliko zote nyumbani kwangu Mombasa ina 23/75 kwa penseli chini kushoto, yaani nakala ya 23 kati ya 75, na sahihi ya msanii kulia. Masika yaliyopita ilianza kufanya mawimbi hadi ikakaribia kugusa kioo. Moyo ulinidunda: wino wa skrini hukaa juu ya karatasi kama ngozi, na ukigandana na kioo hubanduka nacho.

Niliwasha feni, nikahamisha fremu. Wapi! Nilipofungua nyuma ndipo nikaona: fundi aliibandika kwa selotepu pande zote nne. Karatasi ikinyonya unyevu hutanuka, na hii haikuwa na pa kutanukia.

Rafiki alinishauri nikate kingo. Abadani! Ukingo mweupe ni sehemu ya kazi yenyewe, na chapa iliyokatwa hushuka thamani. Selotepu sikuivuta pia, maana ingeondoka na karatasi. Niliipasua pale karatasi ilipoishia, chapa ikawa huru. Mabaki ya mgongoni nimemwachia mtaalamu wa kuhifadhi karatasi.

Niliilaza wiki mbili kati ya karatasi safi za kunyonya unyevu, chini ya ubao bapa. Kisha niliibandika upande wa juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani, nyembamba lakini imara, na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji. Mbele niliweka kadibodi ya pamba isiyo na asidi, iliyotobolewa dirisha, iitenge na kioo. Sasa inaning'inia ukuta wa ndani, imenyooka.