Begi langu la kukimbilia, Langoni

Usiku ule moto ulipozuka vichochoro vitatu kutoka kwetu, nilitoka nyumbani na simu, chaja na pasi ya umeme. Pasi! Mpaka leo sikumbuki niliichukua saa ngapi, wala ya nini. Mama alinishika bega, kwa kuwa ana ugonjwa wa presha ya macho na gizani haoni hata ukuta. Jirani yetu mmoja alibeba godoro, likakwama kichochoroni, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukakwama naye.

Anayeijua Lamu hahitaji kuelezwa. Huku Langoni nyumba nyingi bado zimeezekwa makuti, na kuna vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Gari la zimamoto lipite wapi? Upepo wa kusi ukiwa umeshika, cheche hurukia paa la tatu kabla wenye paa la pili hawajaamka. Siku ile watu walipanga mstari wa ndoo, wakabomoa na makuti ya nyumba ya kati, moto ukakosa pa kupita. Kwetu haukufika.

Mimi hata hivyo niliumia. Nina kisukari, ninadunga insulini tangu nina miaka 19, na insulini yangu ilibaki ndani. Tulikaa ukingo wa bahari hadi alfajiri nikiwa nimeikosa dozi ya usiku. Kiu isiyoisha, haja ndogo kila baada ya nusu saa, choo cha karibu kimefungwa, na mimi nimejifunga leso moja mbele ya mtaa mzima. Asubuhi niliporudi na kujipima, mashine ilisoma 24. Kwa wasiozoea vipimo hivi: sukari ilikuwa imepanda kupita kiasi.

Wiki iliyofuata nikaanza kutafuta orodha za begi la dharura. Karibu zote zinasema yale yale: chakula cha siku tatu, na maji lita nne kwa kila mtu kwa siku. Sisi tu watatu, mimi, mama na mpwa wangu wa miaka sita. Hizo ni lita 36, yaani kilo 36 za maji peke yake. Hiyo ni kazi ya punda, na punda sina. Nilijaribu kupunguza, lakini begi la kwanza likafika kilo 13. Nililivaa, nikamshika mama mkono huu na mtoto mkono ule, na kabla hatujafika kona ya msikiti nilikuwa nimeshalitua.

Hapo ndipo nikaacha kuuliza orodha inataka nini, nikajiuliza ni kitu gani nikikikosa usiku mmoja tu nitalazwa. Jibu lilikuwa fupi. Insulini, sindano, mashine ya kupimia na vijiti vyake, kitu kitamu, na dawa ya macho ya mama. Mengine yote nitaazimwa. Lamu hatumwachi mtu na njaa, lakini insulini ya kuazima hodi ya jirani haikupi.

Shida ni kwamba insulini haikai begini. Chumba chetu mchana ni tanuri, na chupa ikishapikwa na joto huwezi kuitambua kwa macho; utaijua sukari itakapokataa kushuka. Aina ninayotumia ikishafunguliwa hustahimili siku 28 nje ya friji, mradi joto lisipite nyuzi 30. Kwa hiyo ninaiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ninaoulowesha asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Chungu kiko chini ya msumari wa begi, mlangoni. Nimefunga kamba nyekundu kutoka mkono wa begi hadi kwenye kifuniko: ukilinyakua begi, kifuniko kinaruka, na hata aliyechanganyikiwa atakumbuka. Barafu siigusi kabisa, kwa sababu insulini ikiganda ni ya kutupwa.

Kuhusu kitu kitamu tulibishana. Mama alitaka niweke halwa. "Mwanangu, halwa haiozi, na yashibisha." Ni kweli, lakini halwa ina samli, na mafuta huchelewesha sukari kuingia damuni. Sukari ya damu ikishuka mno sina muda wa kungoja. Nimeweka glukosi ya unga na vifuko vya sukari. Vijiko vitatu vya chai, nangoja dakika 15, napima tena.

Jambo ambalo orodha yoyote haikuniambia ni buibui. Siku ya moto mama alisimama mlangoni akakataa kutoka bila buibui, na tulipoteza muda mwingi tukiipapasa gizani. Sasa mbili zimetundikwa juu ya begi, na ndani kuna leso mbili ambazo ni shuka, taulo, pazia la choo na mbeleko, kutegemea saa.

Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, pamoja na karatasi niliyoandika dozi zangu na za mama kwa mkono, ili nikizimia mtu asome. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya ya serikali, Oktoba 2024, hospitalini kitambulisho ndicho kinachoulizwa kwanza. Kuna namba pia, ikiwemo 1199 ya Msalaba Mwekundu. Maji ni chupa moja ya lita moja na nusu, na vidonge vya kutakasia mengine. Tochi ni ya kuvaa kichwani, kwa sababu mikono yangu tayari ina wenyewe. Jumla kilo tano.

Tulifanya jaribio baada ya Isha, simu ikihesabu. Mara ya kwanza dakika saba, nne kati ya hizo zikiwa za kutafuta kandambili za mama. Mara ya tatu dakika mbili na nusu. Majirani walicheka sana, kisha wawili wakaja kuuliza begi nimelinunua wapi. (Ni la shule, la mpwa wangu, lenye zipu mbovu upande mmoja.)

Mama ndiye aliyeniuliza, na bahari je? Alikumbuka Desemba 26, 2004, tetemeko la Sumatra lilipoleta mawimbi hadi pwani yetu saa kadhaa baadaye. Sikuwa nimelifikiria. Moto unatusukuma kwenda baharini. Bahari ikigeuka, ni kupanda juu, nyuma ya mji. Begi ni lile lile, njia ndiyo kinyume. Basi tukatembea na hiyo pia, mara moja, kwa manung'uniko.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi ninalikagua, hasa tarehe za vijiti na dawa ya macho. Mwezi uliopita nilikuta kwenye mfuko wa pembeni kipande cha halwa kimefungwa kwa gazeti. Nikamwangalia mama.

"Hiyo si yako," akasema. "Yako ni ile ya unga."