Nilivyoirudisha kazini mashine kongwe ya kufungashia unga, Kizota

Mashine yenyewe ilikuwa nyuma ya ghala la kusaga nafaka pale Kizota, Dodoma, imefunikwa turubai. Ni zile za wima: filimu, yaani plastiki ya pakiti, inatoka kwenye rola, inapita kwenye shingo ya chuma inayoikunja iwe bomba, unga unashuka katikati, midomo ya moto inachomea, kisu kinakata. Zamani shughuli zote hizo ziliendeshwa na shafti moja yenye kemu, vipande vya chuma visivyo duara kamili vinavyosukuma sehemu nyingine shafti ikizunguka, na upande wa umeme ulikuwa kabati zima la rilei, swichi zinazowashwa na umeme. Mwenye kiwanda, mama anayesaga dona, mtama na uwele, alikwisha kushauriwa aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilimwamkia, nikaomba niizungushe kwa mkono. Ilizunguka bila kukwama.

"Mama, chuma hiki bado kizima," nikamwambia. "Kilichochoka ni umeme wake."

"Haya, mwanangu. Mimi ninachotaka ni kilo iwe kilo. Watu wa Vipimo wakija nisiaibike."

Hayo ndiyo yaliyoongoza kazi nzima.

Wengi wakisikia habari za otomatiki wanakimbilia kununua PLC, kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo. Mimi nilianza na brashi na kikwaruzo. Kwenye kona za hopa, chombo cha juu kinachoshika unga, na nyuma ya bomba la kushushia kulikuwa na unga wa zamani uliogandana, na huo kwangu si uchafu wa kawaida. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu, na hatuna haki ya kusahau. Sehemu zinazogusa unga zilizokuwa na kutu nilichongesha upya kwa chuma kisichoshika kutu, na kila kona iliyokuwa inaficha unga nikaifanya mviringo ili kitambaa kifike. Beringi zikabadilishwa, na grisi ikawa ile inayoruhusiwa kwenye mitambo ya chakula. Midomo ya kuchomea nikaivalisha tefloni mpya.

Baada ya hapo nikabandika duara la nyuzi 360 kwenye shafti kuu, nikawa naizungusha pole pole na kuandika: midomo inafunga kwenye nyuzi ngapi, kisu kinatoka lini, filimu inaanza kuvutwa lini. Karatasi ile ndiyo ilikuwa akili ya aliyeiunda mashine, na sikuona sababu ya kuitupa. Kemu zinazosukuma midomo na kisu niliziacha. Nikafunga enkoda, kifaa kinachotoa mipigo ya umeme shafti ikizunguka, ya mipigo 360 kwa mzunguko, hivyo kila mpigo ni nyuzi moja, na PLC ikawa inasoma mahali shafti ilipo na kuamuru yale mengine: kuvuta filimu, kusoma alama ya rangi ili nembo isikatwe katikati, kumwaga unga, na kulinda joto la midomo. Angefungiwa sevo, mota zinazoongozwa na kompyuta, kila kona, mama angelipa fedha nyingi kwa kazi ambayo kemu inaifanya vizuri. Mota kuu ikapata invata ya kuongeza na kupunguza kasi. Swichi wanazogusa wafanyakazi, ambazo zamani zilibeba umeme mkubwa, sasa zinatumia volti 24.

Kwenye uzito ndiko nilikokaa sana. Unga unashushwa na parafujo ndefu inayozunguka ndani ya bomba, na uzito unapatikana kwa kuhesabu mizunguko yake. Lakini parafujo haijui kilo, inajua ujazo tu. Hopa ikijaa, unga wa chini unashindiliwa na pakiti zinazidi. Hopa ikipungua, unga unakuwa mwepesi na pakiti zinapunja. Unaweza kurekebisha mizunguko kutwa nzima usipone. Dawa ilikuwa kuweka sensa ya kina ndani ya hopa ili kipandishio cha unga kijiwashe na kujizima chenyewe, kina kibaki karibu palepale. Uzito ukatulia. Mizani ya mezani bado ipo pembeni, na kila baada ya muda pakiti inatolewa na kupimwa, kwa sababu dona na uwele havishuki sawa.

Kiangazi cha Dodoma nacho kina mambo yake. Hewa ikikauka, filimu inajaa umeme tuli, unga unanata ndani yake mpaka pale pa kuchomea, na pakiti inavuja hata kama joto ni sahihi. Ukipandisha joto unaikunja filimu bure. Niliimarisha athi, waya wa kupeleka umeme ardhini, ya mwili wa mashine, nikafunga brashi za kuondoa umeme tuli karibu na shingo, kisha nikawahisha kidogo kumwaga unga ili vumbi lake litue kabla midomo haijafunga. Mvujo ukaisha.

Usalama sikuuachia programu. Kitufe cha dharura na swichi za milango vinakata umeme wa mota moja kwa moja kupitia rilei ya usalama. Umeme ukikatika na kurudi, mashine haijiwashi, inasubiri mtu abonyeze. Mtu anaweza kuwa ameingiza vidole kunasua filimu.

Skrini nimeiandika kwa Kiswahili: "Filimu imekwisha", "Mlango uko wazi", "Joto la mdomo wa chini halijafika". Binti anayeiendesha hahitaji kunipigia simu kwa kila taa nyekundu, na kwangu hilo lina thamani kuliko kasi. Michoro ya nyaya iko kwenye mfuko ndani ya mlango wa kabati, na nakala ya programu anayo mama mwenyewe, kwa hiyo fundi yeyote akiitwa atajua pa kuanzia. Sasa mama ananidai parafujo ya pili, yenye nafasi pana zaidi, kwa ajili ya uwele.