Hela ya mafuta iombwe kabla ya kuwasha gari: hesabu ya lifti Arusha na Moshi

Ukiomba mchango wa mafuta mkiwa mmeshafika stendi ya Moshi, umechelewa. Uliyempa lifti ameshaipangia pesa yake matumizi mengine, na ombi lako linamfikia kama nauli ya kushtukiza. Omba kabla hamjatoka, taja kiasi, na kiasi hicho kitoke kwenye hesabu unayoweza kumwonyesha. Watu wengi hawana shida ya kuchangia. Wanachokwazika nacho ni kutojua wanachangia nini.

Kwa hiyo kwanza ujue gari lako linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Usitegemee maneno ya aliyekuuzia, wala mshale wa tangi, maana kwenye magari mengi haushuki kwa mwendo mmoja. Nenda sheli, mwambie mhudumu ajaze mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, asiongezee. Rudisha tripu A, kile kihesabu cha kilomita za safari kwenye dashibodi, kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako, zisipungue kilomita 150, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena mpaka ikate mara ya kwanza. Lita zilizoingia sasa ndizo ulizotumia, na ukigawanya kilomita kwa lita hizo umepata jibu. Linaloharibu kipimo hiki mara nyingi ni ile "ongeza kidogo ifike elfu kamili". Lita moja ikiingia shingoni mwa tangi, namba yote inapinda. Anayeweka mafuta ya elfu kumi leo na ya elfu kumi kesho hawezi kupima hivi. Inabidi ajaze tangi walau mara mbili.

Kwenye barabara ya Arusha na Moshi, usipime upande mmoja. Arusha ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ipo chini ya mita 1,000. Ukitoka Tengeru kwenda Usa River, Kikatiti mpaka njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa jumla unashuka, na gari linakula kidogo. Kurudi ni kuupanda mwinuko uleule, mara nyingi nyuma ya lori linalojivuta. Anayepima akienda tu hupata namba ya kumpendeza, akapanga mchango mdogo, kisha huumia wakati wa kurudi. Pima safari nzima, watu wakiwa ndani, na AC ikiwa imewashwa kama ndivyo mtakavyosafiri. Upepo wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Tairi laini huongeza ulaji wa mafuta, na si haki wenzako walipie uzembe wa kutopima upepo.

Bei ya lita usiikisie. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila mji una yake, kwa hiyo bei ya Arusha si lazima iwe ya Moshi. Ukipiga *152*00# unaweza kuziangalia kwenye simu. Ila kwa hesabu ya marafiki, risiti ya sheli ndiyo kauli ya mwisho.

Tuseme gari linakwenda kilomita 12 kwa lita, na lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwenda na kurudi 160. Hizo ni lita 13 na kidogo, yaani shilingi 40,000. Mkiwa wanne, dereva akiwemo, ni 10,000 kila mtu. Dereva lazima ahesabiwe. Ukigawa 40,000 kwa abiria watatu peke yao, wewe umesafiri bure kwa pesa zao, na watagundua tu. Abiria akiwa mmoja, nusu yake ni 20,000, na hapo linganisha na nauli ya basi. Kama ulikuwa unakwenda hata bila yeye, usimtoze zaidi ya ambayo angelipa stendi. Kinachobaki ni gharama ya safari yako.

Safari ambayo hukuwa nayo ina hesabu nyingine. Rafiki anayeomba umpeleke KIA alfajiri ni mwenye safari, na mafuta yote ni yake, pamoja na ya kurudi gari likiwa tupu na ada ya maegesho kama ipo. Kutoka Arusha mjini, kwenda na kurudi ni kama kilomita 100, lita 8 na zaidi kwa gari letu la mfano, karibu shilingi 25,000. Mwambie mapema, kwa upole: "Kaka, nitakupeleka bila shida, ila mafuta ya kwenda na kurudi ni kama 25,000, utanisaidia hayo." Hapo hakuna ukali, na yeye anabaki na nafasi ya kutafuta teksi akiona nafuu.

Kwa lifti ya kawaida, ujumbe wa WhatsApp unatosha: "Jumamosi natoka Arusha saa 12 asubuhi, narudi saa 11 jioni. Nafasi zipo tatu. Mafuta ya kwenda na kurudi ni 40,000, tukiwa wanne ni 10,000 kila mmoja. Anayekuja aniambie kabla ya Ijumaa jioni." Muda wa mwisho una kazi yake. Mmoja akijitoa usiku wa kuamkia safari, mgao unapanda hadi 13,300, na waliobaki hawakukubali bei hiyo. Kubalianeni kabisa kwamba aliyethibitisha akaghairi baada ya muda huo, fungu lake linabaki palepale.

Kukusanya pesa, sheli ndiyo mahali pazuri kuliko pote. Mmoja analipa kwa lipa namba, wengine wanamrudishia, na kila mtu anaona lita zikiingia. "Nitakutumia baadaye" ndiyo inayoua urafiki. Na anayetuma kwa simu usimdai pia ya kutolea, maana unaweza kuilipia sheli bila kuitoa.

Kuna watu hawaombwi. Mama mtu mzima uliyemkuta kituoni, mkwe, mgonjwa anayekwenda hospitali ya KCMC: hao unawabeba. Kijana wa yule mama akikuuliza, "Shemeji, tukuchangie kiasi gani?", hapo jibu. Kwenye msiba, dereva asidai kwa mdomo wake. Mafuta ya magari yapitie kwa anayeshika michango ya familia, naye ampe kila dereva kulingana na kilomita.

Mizigo na michepuko itajwe pia. Mikungu mitatu ya ndizi kutoka Kibosho inakula nafasi ya mtu, na "nipitishe hapo juu mara moja" kuelekea Marangu au Rombo ni kupanda mlima. Kilomita za mchepuko anazibeba aliyeuomba. Faini ya tochi ya mwendokasi ni ya dereva, haingii kwenye mgao hata siku moja.

Mpaka ambao usiuvuke ni kuchukua zaidi ya mafuta. Kubeba watu kwa malipo ni biashara inayohitaji leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na bima ya gari binafsi, iwe ndogo au kubwa, haikukatwa kwa kazi hiyo. Ajali ikitokea, kampuni ya bima ikijua abiria walilipa nauli, fidia inaweza kukwama, na watakaoumia ni rafiki zako hao hao. Ndiyo maana tunashauri msiingize matairi, sevisi wala "ya dereva". Usipakie usiowafahamu njiani ili kujaza siti.

Wanaosafiri pamoja kila siku, mathalani Usa River na Arusha mjini, wafanye hesabu ya wiki. Kilomita 22 kwenda, 22 kurudi, siku tano, ni 220. Foleni ya asubuhi inashusha gari hadi kilomita 11 kwa lita, kwa hiyo ni lita 20, shilingi 60,000, na kwa watu wanne ni 15,000 kwa wiki. Itolewe Jumatatu asubuhi, tangi likijazwa. Asiyekuja siku moja asirudishiwe, kwa sababu siti yake ilibaki wazi ikimsubiri. Akiaga wiki nzima mapema, wiki hiyo halipi na mgao unahesabiwa upya. Bei ya EWURA ikibadilika, badilisheni kiasi Jumatatu inayofuata, ipande au ishuke. Dereva anayekumbuka kupandisha tu akasahau kushusha, wenzake watarudi kwenye daladala.